Mkahawa usiouza nyama huishi kwa meza nzima

Kazi yangu ni kuweka hesabu za mikahawa midogo hapa Nairobi, na tangu 2018 sili nyama, samaki, mayai wala maziwa. Mkahawa wa kivegani, yaani wa watu wanaokula kama mimi, ukifungwa huwa naumia kwelikweli, maana nimeona kwenye vitabu vyao jasho lililomwagika. Na kila ukifungwa maelezo huwa yaleyale: Wakenya wanapenda nyama mno. Sikubaliani. Mkenya huyohuyo hula githeri Jumatatu, ndengu Jumanne, na sukuma wiki karibu kila siku, wala halalamiki.

Ninavyoona mimi, kikwazo kiko mezani. Kula nje ni jambo la kundi, na mmoja akikataa mahali, wote mnahama.

Chukua Ijumaa ya mwisho wa mwezi, mshahara umeingia. Mtu ofisini anasema twende Kenyatta Market, na safari imeanza. Mnachagua nyama ikiwa bado inaning'inia, inapimwa kwa kilo, inachomwa, kisha inaletwa juu ya ubao na kukatwakatwa mbele yenu, chumvi imerundikwa kando. Hakuna anayeagiza sahani yake. Nyama ni ya meza. Mimi na ugali wangu na kachumbari nimo, na jioni inapita vizuri. Sasa geuza. Kundi hilohilo lije kwenye mkahawa wa kivegani kwa ajili yangu tu? Nusu yao watauliza tunapitia wapi baadaye. Kwa hiyo asiyekula nyama ndiye hukubali kufuata wenzake, na mkahawa ambao ungemfaa yeye unabaki na viti vitupu usiku ambao mingine yote inafanya biashara.

Hata pesa na sifa hazitoshi kuliondoa jambo hili. Mpishi Daniel Humm wa Eleven Madison Park, New York, aliondoa nyama na samaki kwenye menyu yake mwaka 2021, na mkahawa ukabaki na nyota zake tatu za Michelin, daraja la juu kabisa la mwongozo huo wa mikahawa. Agosti 2025 akatangaza kwamba vitarudi, ingawa menyu ya mboga ingebaki. Moja ya sababu alizotoa ni ugumu wa kupata makundi, kama vile karamu za makampuni. Niliposoma hayo niliwaza vitabu vyangu vya hesabu hapa Nairobi, ambavyo vinasema hivyohivyo kwa tarakimu ndogo zaidi.

Tazama Addis Ababa. Waumini wa Kanisa la Orthodox la Ethiopia hufunga Jumatano na Ijumaa karibu mwaka mzima, na kabla ya Pasaka kuna mfungo mkuu wa siku 55. Siku hizo hawagusi nyama, maziwa, siagi wala mayai. Bosi anafunga, tarishi anafunga, mama mkwe anafunga. Meza nzima imeshakubaliana kabla mlango wa hoteli haujafunguliwa, na mwenye hoteli anajua tangu Jumatatu kwamba Jumatano atahitaji dengu nyingi. Unaletewa beyaynetu, sinia ya mfungo: injera moja pana, ule mkate wao mwembamba mchachu, na juu yake vilima vya dengu nyekundu zenye pilipili, shiro nzito (rojo la unga wa dengu), kabichi na viazi, na majani ya kijani yaliyokaangwa kwa mafuta badala ya samli. Wote mnamega humohumo. Wahabeshi wa Nairobi wamekuja na kalenda yao, ndiyo maana Kilimani na Hurlingham nikiuliza kama kuna chakula cha mfungo najibiwa papo hapo, bila mtu kukimbia jikoni kumuuliza mpishi.

Parklands na Ngara ni hivyohivyo, ila huko kinachoamua ni ukoo, si kalenda. Familia nyingi za Kihindu na za Kijaini hazili nyama kuanzia bibi hadi kitukuu, na Wajaini wengi huacha hata viazi na vitunguu. Familia kama hiyo ikitoka Jumapili, hakuna wa kusema twende kwingine. Samli na mtindi vimo humo kwa wingi, kwa hiyo mimi lazima niombe chapati kavu, lakini mhudumu hanishangai; amezoea watu wenye masharti.

Na kwetu Mombasa? Asubuhi Kibokoni mama amekaa nyuma ya sufuria ya mbaazi za nazi. Anachota upawa mmoja, tui zito linatangulia kutiririka, mbaazi zinafuata, kisha mahamri mawili ya moto juu ya kifuniko. Nilimwamkia, nikamuuliza kama mahamri yana maziwa. "Maziwa sitii, mwanangu, ni tui tupu na iliki." Foleni nyuma yangu ilikuwa ya mabaharia, wanafunzi na wenye tuktuk, na sidhani kama hata mmoja alikuja pale kwa kukimbia nyama.

Mikahawa ninayoiona ikihangaika mara nyingi iko kwenye maduka makubwa ya kifahari. Kodi ya huko hailali. Maziwa ya lozi yanatoka nje, jibini ya korosho inatengenezwa kwa mikono, na majani ya saladi yakikosa mteja leo, kesho ni taka. Mbaazi kavu hukaa kwenye gunia hadi zihitajike. Wateja nao huja mmojammoja, wengi wageni wa mkataba, na Desemba wanaondoka. Bidii haikosekani. Kinachokosekana ni watu wa jirani ambao wangekula chakula hicho hata kama hakuna aliyewaambia kina faida gani.

Mteja wangu mmoja anatafuta chumba cha kufungulia mkahawa wa kivegani wa kwake, na moyo wake uko Karen, mtaa wa matajiri, kwenye bustani. Nimemsihi aende Ngara, afungue saa kumi na mbili asubuhi, auze mbaazi, muhogo wa nazi na chai ya tangawizi, na Jumatano na Ijumaa aongeze shiro. Wiki ijayo tunakwenda pamoja kuulizia kodi.