Kuku wa Kichina ndani ya jani la saladi: chunga maji

Wakantoni, Wachina wa kusini, wanakiita chakula hiki sang choi bao. Sang choi ni saladi, na jina hilo linakaribiana kimatamshi na maneno yao ya kupata mali, ndiyo maana saladi hupendwa mezani mwaka mpya wa Kichina. Wapo wanaotumia njiwa mchanga. Kuku anatosha.

Chukua nusu kilo ya paja lisilo na mfupa wala ngozi, ulikatekate kwa kisu liwe kama punje za mahindi. Kima ya mashine hugandamana na kutoa maji. Changanya na kijiko kikubwa cha sosi ya soya, kijiko kikubwa cha maji, kijiko cha chai cha konflawa (si sembe!) na pilipili manga. Acha dakika 15.

Sosi: vijiko vikubwa 2 vya sosi ya chaza, 1 cha soya, kijiko cha chai cha siki, nusu ya hicho cha sukari, na kijiko cha chai cha konflawa kilichokorogwa kwa vijiko vikubwa 2 vya maji baridi. Chumvi usitie, sosi zinayo tele.

Uyoga mkavu wa shiitake, vipande 5, loweka nusu saa kwenye maji ya moto, kamua kwelikweli, katakata. Kinacholia mdomoni ukitafuna ni vile viazi vidogo vyeupe vya mmea wa majini (water chestnuts) vinavyouzwa kwenye makopo katika maduka ya Kichina. Ukivikosa, kata dogodogo lile bua gumu la katikati ya kabichi; kwangu halina upungufu wowote.

Karai lipate moto mpaka lianze kufuka, ndipo utie mafuta vijiko 2. Pika kuku nusu nusu. Jiko la nyumbani halina nguvu ya jiko la hotelini: ukimwaga nyama yote, moto unazidiwa, nyama inachemka kwenye maji yake na kutoka ya kijivu. Itandaze, usiiguse kwa dakika moja, kisha geuza mpaka iive. Itoe.

Tia mafuta kidogo, punje 3 za kitunguu saumu na tangawizi iliyosagwa, sekunde 20 tu. Uyoga, dakika moja. Rudisha nyama na vile vya kutafuna. Koroga sosi upya kabla ya kumimina, maana konflawa hutuama chini. Pitisha mwiko katikati ya karai: njia ikibaki wazi kidogo kabla ya kujifunga, epua. Mafuta ya ufuta, kijiko cha chai, na majani ya kitunguu huingia moto ukishazimwa.

Saladi iwe ya kichwa. Gonga kitako chake mezani, zungusha na kung'oa kiini, elekeza maji ya bomba kwenye tundu. Majani yataachana mazima. Yaloweke kwenye maji ya baridi sana dakika 10, kisha futa moja moja kwa kitambaa. Jani lenye maji humwaga sosi yote mkononi.

Peleka nyama na majani mezani kwenye vyombo tofauti, kila mtu ajifungie vijiko 2 na kula papo hapo. Ukijaza mapema, chumvi ya sosi inavuta maji ya jani nalo linanyong'onyea ndani ya dakika chache.