Vipimo vya bizari ni mali, vifunge kabla fundi hajaondoka

Hapa Mombasa, mali kubwa ya msaga bizari si mashine. Ni vipimo, orodha ya hoteli anazouzia, na bei anayonunulia mzigo. Mashine hukatiwa bima, ilhali vipimo vimebandikwa ukutani.

Kenya haina sheria maalumu ya siri za biashara. Unalindwa na mkataba, pamoja na kanuni ya mahakama kuhusu uvunjaji wa siri. Jaji atauliza: je, habari yenyewe ni siri kweli? Aliyeipata alijua ni ya kutunzwa? Ameitumia bila ruhusa? Karatasi ya ukutani inakuangusha kwenye swali la kwanza kabisa.

Kwa hivyo anzia kiwandani. Majina ya viungo utayachapisha kwenye pakiti, hilo halikwepeki. Siri ni uzani, kipi hukaangwa kwanza na kwa dakika ngapi. Iliki, mdalasini na karafuu vipimwe na mtu mmoja, vitiwe kwenye mifuko yenye namba pekee. Mkaangaji apokee mfuko namba 3, asijue uzani wa kilichomo. Daftari lifungiwe, na kila anayelifungua atie sahihi na tarehe. Sahihi hizo ndizo ushahidi wako.

Mkataba wa usiri utiwe sahihi kabla fundi hajaliona daftari. Taja siri zenyewe. Ukiandika "kila kitu ni siri" umejidanganya, maana ujuzi wa mikono ni wake na ataondoka nao. Wala usimkataze kazi hiyo Pwani nzima kwa miaka 10. Mahakama hubatilisha masharti ya kupita kiasi.

Hataza, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi, usiikimbilie. Hudumu miaka 20, lakini lazima uanike kila kitu. Siri haina ukomo, ila mtu akionja bizari yako akagundua vipimo kwa jitihada zake, hajavunja sheria. Ndiyo maana jina la pakiti lisajiliwe KIPI, taasisi ya serikali inayosajili hataza na alama, kama alama ya biashara: hutangazwa, wapinzani hupewa siku 60, kisha hudumu miaka 10 na huhuishwa. Cheti cha jina la biashara hakitoshi.

Siri ikivuja, mwone wakili siku hiyo hiyo. Zuio la muda, yaani amri ya kumsimamisha aliyeivujisha kesi ikiendelea, hupimwa kwa vigezo vya kesi ya Giella dhidi ya Cassman Brown, 1973, kimojawapo kikiwa hasara isiyolipika kwa fidia. Ukikaa miezi ukitazama bizari yako ikiuzwa soko la Kongowea, hoja hiyo inakufia mkononi. Nunua pakiti ya fundi huyo, weka risiti, na kwenye simu ya kazi aliyoirudisha usifute chochote.