Mstari ulioshuka baada ya Idd

Jana mwanangu alikuwa anapekua kalenda ya ukutani, akaniuliza, "Mama, mbona Ramadhani kila mwaka inawahi?" Nikamweleza habari za mwezi kuandama, na kwamba mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku 11 hivi kuliko wa Miladi. Akaridhika, akaenda kucheza. Mimi nikabaki na Aprili 2024 kichwani: Tanga, masika yanapiga mabati, na wifi yangu yuko tayari kufuta nusu ya mapishi kwenye tovuti yake.

Mnaukumbuka msimu ule. Machi 5 Google walitangaza sasisho kuu la algorithimu, yaani mabadiliko makubwa ya namna wanavyopanga matokeo ya utafutaji, pamoja na jingine la kupambana na kurasa za taka (spam). Walisema hilo kuu lingeweza kuchukua hadi mwezi mzima, na kwamba walitazamia maandishi duni yasiyo na jipya yapungue kwenye matokeo kwa asilimia 40. Makundi ya WhatsApp ya wenye tovuti yakajaa vilio: tovuti ndogo zimekwisha, futeni kurasa za zamani, anzeni upya. Wiki moja baadaye tukaanza kufunga, mibofyo ya tovuti ya wifi ikapanda kama inavyopanda kila Ramadhani, na hofu ikatulia. Ikaja Idd, Aprili 10. Baada ya Idd grafu ikaporomoka.

Nilifika kwao mwisho wa wiki iliyofuata. Hata chai sijamaliza, akaniita mezani.

"Wifi, njoo uone. Limetukuta na sisi."

Kwenye Search Console, programu ya Google inayomwonyesha mwenye tovuti jinsi anavyopatikana kwenye utafutaji, mstari wa buluu, wa mibofyo, ulikuwa umeteremka moja kwa moja, na Google walikuwa bado hawajatangaza kwamba sasisho limekwisha. Kwenye dirisha la pili alikuwa ameshazitia alama kurasa za zamani: kaimati, tambi za nazi, uji wa pilipili manga. Kishale kilikuwa juu ya neno la kufuta.

"Wanasema ndizo zinazotuvuta chini. Nifute?"

"Ngoja, wifi. Washa kwanza na mstari wa nafasi yetu kwenye matokeo."

Akauwasha. Ukatokea wa rangi ya machungwa, nikavuta kiti nikakaa. Mibofyo imeshuka, mara tulizoonekana zimeshuka, lakini nafasi ya wastani imekuwa bora kuliko wakati wa mfungo. Nikamwambia angalia vizuri, anayeshushwa haonekani hivi. Wastani ule hujumlisha kila mara ukurasa wako unapotokea mbele ya mtafutaji. Ramadhani watu huandika neno pana, "futari" basi, nasi hutokea huko chini, ukurasa wa tatu wa matokeo, na kuonekana kwingi kwa huko chini kunauharibu wastani. Mwezi ukiisha, wale wa neno pana wanaondoka, wanabaki wanaotafuta chakula fulani kwa jina lake. Mibofyo inapungua, wastani unapendeza, na ukurasa wenyewe haujasogea.

Hakuniamini mara moja, na nilimpenda kwa hilo. Akachuja neno moja moja. Kaimati: palepale tulipokuwa kabla ya Machi 5, ila watafutaji hawapo. Tambi: palepale. Kisha akataka kulinganisha na mwaka uliotangulia, Aprili kwa Aprili. Hapo nikamshika mkono. Wiki tatu za mwanzo za Aprili 2023 zilikuwa ndani ya mfungo, na ile programu inalinganisha tarehe kwa tarehe, haiujui mwezi mwandamo. Ukilinganisha hivyo kila mwaka utajiona umefilisika. Tukaweka tarehe kwa mkono, siku za baada ya Idd ile kwa siku za baada ya Idd hii, tukabofya.

Mistari miwili ikalaliana.

"Kumbe ni mwezi!" akasema wifi, akashika kifua. Akaanza kuondoa zile alama, moja baada ya nyingine. Uji wa pilipili manga, aliouondolea alama mwisho, uliandikwa kwa maelezo ya marehemu mama mkwe wangu, mama yake mzazi, na vipimo vile haviko pengine popote.

Haikuwa kurasa zote, lakini. Pweza wa nazi hana uhusiano na futari, naye alianza kushuka katikati ya Machi, kutoka ukurasa wa kwanza wa matokeo hadi wa tatu. Hilo mwezi haukulieleza. Aprili 26 Google walitangaza kuwa sasisho lilikamilika Aprili 19, siku 45 tangu lianze, na ile asilimia 40 ya maandishi duni wakasema imefika 45. Tukasubiri wiki nzima ipite, kama wanavyoshauri, tukalinganisha na wiki ya kabla ya Machi 5. Pweza alikuwa bado chini.

Maelekezo yao ya sasa yanatoa mfano: ukitoka nafasi ya 2 kwenda ya 4 usifanye mabadiliko makubwa, ukitoka ya 4 kwenda ya 29, kagua kwa kina, na kufuta kuwe njia ya mwisho kabisa. Sisi tulikuwa wa aina ya pili. Tukapiga picha mpya, tukaeleza jinsi ya kumlainisha pweza kabla tui halijaingia, jambo ambalo wapishi wengi wanalipita haraka. Masasisho mengine yamekuja na kupita, naye hajarudi.

Wifi anaamini ni video, watu wanataka kumwona pweza akipikwa. Mimi naona watafutaji wenyewe wamehama, wengi siku hizi wanaandika "supu ya pweza". Tumefungua ukurasa wa supu na unapanda. Ule wa nazi tumeuacha ulipo, kwa sababu kwao ndivyo pweza anavyopikwa.