Fataki za Sumida, Ramadhani ya 2013

Mwaka 2013 Ramadhani iliangukia katikati ya kiangazi cha Tokyo, na asiyewahi kufunga huko mwezi wa Julai asije akanisimulia joto la Tanga. Kwetu saa kumi na mbili na nusu hivi tende iko mdomoni. Tokyo unakula daku saa nane za usiku, alfajiri inaingia saa tisa, kisha unaukokota mchana wa karibu saa kumi na sita huku jasho linakutiririka hata ukikaa kivulini. Upepo hakuna. Nyenze wanalia mitini kutwa nzima, nawe huna nguvu hata ya kuwachukia.

Kwa hiyo mwenzangu wa chuoni aliponialika kwa bibi yake, mtaa wa Mukojima, tukatazame fataki za Mto Sumida Jumamosi ya tarehe 27, sikuuliza ratiba ya fataki. Nilifungua kwanza ratiba ya sala. Magharibi ilikuwa inaingia dakika kumi hivi kabla ya saa moja, na fataki zinaanza muda mfupi baada ya saa moja. Nikamjibu nakuja.

Bibi alikuwa ameshavuka themanini, mfupi, na sauti ya mtu aliyezoea kuamrisha. Mjukuu wake alikuwa amemweleza mapema kwamba mimi si mnywaji, sili nguruwe, na siku hiyo mpaka jua lizame sitagusa hata maji. La pombe na la nguruwe aliyaelewa. La maji ndilo lililomshinda.

"Hata tone?"

"Hata tone, Bibi."

"Na joto hili?"

Akaguna. Akalileta feni, akalielekeza usoni kwangu, kisha akaenda kunywa chai yake ya shayiri jikoni nisimwone. Kila alipotaka kunywa alikwenda jikoni. Nilimwambia haina shida, anywe tu mbele yangu, akajifanya hakusikia.

Alikuwa amenitayarishia yukata, lile vazi la pamba la kiangazi lisilo na bitana, buluu iliyokolea yenye maua meupe. Mimi ni mtoto wa pwani, nguo ya kujifunga hainitishi, lakini Bibi hakuniachia hata upindo mmoja. Alinionya kabla sijaigusa: upande wa kushoto uje juu ya wa kulia, maana kinyume chake ndivyo anavyovishwa maiti. Akanikaza mshipi mpana kiunoni mpaka tumbo lililokuwa tupu tangu alfajiri likalalamika. Halafu akautazama mtandio wangu mweusi, akatikisa kichwa, akafungua droo na kunitolea mwingine wa hariri, rangi ya maziwa, akasema huo ndio unaokwenda na maua. Miguuni mitalawanda. Mitalawanda ya mwisho niliyokuwa nimeiona ni ya bibi yangu mzaa mama, ya kuingilia msalani, na sasa nakatiza nayo mitaa ya Tokyo nikigonga lami ko ko ko pamoja na maelfu ya wasichana wengine.

Barabara inayofuata mto upande ule hufungwa kwa magari jioni ya fataki. Watu walikuwa wamejipanga pembezoni, maturubai ya buluu kwapani, macho kwa polisi. Filimbi ilipolia walimwagika barabarani, na ndani ya dakika chache lami haikuonekana tena. Mjomba wa rafiki yangu alikuwa fundi wa mambo hayo: turubai chini, utepe wa gundi pembe nne, kazi imekwisha. Kisha kila mtu akavua viatu akavipanga ukingoni. Mahali palipokuwa pakipita malori mchana kutwa, watu sasa wamekaa miguu mitupu wanapeana soya changa za kuchemsha. Hapo peke yake ningekuwa nimeshapata thamani ya nauli.

Kilichonitesa ni harufu. Tambi za kukaanga nilizistahimili. Vile vidonge vya unga vyenye pweza ndani, takoyaki, nilivipa kisogo, japokuwa kumwambia mtu wa pwani ampe pweza kisogo ni dhuluma. Lakini kulikuwa na mzee anachoma mahindi. Kwetu hindi la kuchoma ni ndimu, chumvi na pilipili. Yeye alilipaka mchuzi wa soya, na kila tone lililoangukia motoni lilinipandishia moshi mpaka hapa nilipo. Rafiki yangu alininunulia moja akaliweka mbele yangu, limefunikwa, likinisubiri.

Nilikuwa na tende nilizonunua mtaa wa Shin-Okubo, kwenye maduka ya Waasia wa Kusini yanayouza nyama halali. Bibi alishatoa amri kwamba hakuna atakayekula kabla ya mgeni. Wajukuu walitii. Mjomba alifungua bia yake tangu saa kumi na mbili na robo na kusema bia si chakula. Simu yangu ilipoadhini, Bibi akaniuliza, "Tayari?" Nikamwambia tayari, nikampa tende ya kwanza yeye, wa pili mimi. Tukazigawa turubai zima. Hata mjomba alichukua, akaishushia bia yake, akatangaza kwamba vinaendana. Nikamwomba Mungu asinihesabie.

Magharibi niliisali papo hapo, kwenye kona ya turubai, nimejitanda kanga niliyokuwa nimeichukua mkobani kwa kazi hiyo. Nilikuwa nimeona haya kidogo kabla ya kuanza. Lakini ukiwa Tokyo, kibla ni magharibi na kaskazini kidogo, na sisi tulikuwa ukingo wa mashariki, kwa hiyo kibla kilikuwa upande wa mto. Na barabara nzima, safu kwa safu, ilikuwa imeuelekea mto. Mgeni angepita pale angedhani ni jamaa moja, na mimi nimewahi tu kusujudu kabla ya wenzangu. Nilikuwa kwenye uradi fataki ya kwanza ilipopasuka.

Sina budi kusema kwamba kutoka tulipokaa hatukuziona zote. Kuna barabara ya juu ya magari inayokwenda sambamba na mto, na zile zilizopasuka chini zilituishia kwenye nguzo na kuta zake. Lakini zilizopanda! Rafiki yangu, aliyekuwa anasoma kemia, alinifundisha kuzitazama. Fataki ya Kijapani ni tufe, si mcheduara, na ndani yake vidonge vya baruti, wao huviita nyota, hupangwa kwa mkono kuizunguka baruti ya kupasulia. Ndiyo maana hufunguka mviringo kamili, na ukiwa upande wowote wa mji unaona duara lile lile. Ile inayoacha mikia ya mwanga huitwa krisanthemumu, kama ua. Isiyo na mikia ni peoni, ua jingine. Ile ya dhahabu inayochuruzika taratibu mpaka karibu na paa za nyumba ni mwerebi, ule mti wa matawi yanayoning'inia. Nyekundu ni strontiamu, kijani ni bariamu, buluu ni shaba, na buluu ndiyo inayowatoa mafundi jasho. Mashambani hurusha matufe makubwa kupita kiasi, lakini hapa majumba yamebana, kwa hiyo hurusha madogo, kwa wingi. Zilikuwa zimeandaliwa kama 20,000 katika vituo viwili.

Bibi hakuwa na habari na kemia. Kila ilipofunguka nzuri alikusanya pumzi akaita, "Tamayaaa!" na watu wa nyuma wakamwitikia. Tamaya na Kagiya zilikuwa nyumba mbili za mafundi wa fataki zama za Edo, Tokyo ilipokuwa ikiitwa hivyo, na watu waliita jina la nyumba iliyowakosha. Tamaya ilizusha moto mwaka 1843 ikafukuzwa mjini. Kagiya ikabaki. Lakini hadi leo jina linaloitwa zaidi ni la waliofukuzwa, na Bibi aliona hiyo ni haki kabisa.

Yeye pia ndiye aliyekuwa wa kwanza kugeuka nyuma. Nyuma yetu ulisimama mnara wa Skytree, mita 634, ulikuwa na mwaka mmoja tu tangu ufunguliwe. "Kichwa kimepotea," Bibi akasema. Kweli, ncha ya mnara ilikuwa imemezwa na wingu. Upepo ambao tuliuomba mchana kutwa ukaja kwa mkupuo mmoja, ukabeba pepeo za karatasi na visahani. Kisha radi ikapiga juu ya mto, na sauti ya kiume, mahali fulani gizani, ikaita, "Tamayaaa!" Barabara nzima ikaangua kicheko, na mvua ikatushukia.

Haikuanza kwa matone. Mwavuli wa mjomba uligeuka nje ndani mara ya kwanza tu alipoufungua. Fataki ziliendelea kidogo ndani ya mvua, rangi zikizagaa kwenye mawingu bila umbo, halafu vipaza sauti vikatangaza kwamba basi. Nusu saa tu. Tangu tamasha lifufuliwe mwaka 1978 halikuwahi kukatishwa katikati kwa sababu ya hali ya hewa.

Kanga yangu ya kusalia ikatufunika watu watatu, Bibi katikati. Hakukubali kukimbia. Wasichana walivua mitalawanda wakaishika mkononi na kwenda peku, wakipiga mayowe kila radi ilipomulika, nywele zilizotengenezwa saluni kwa saa nzima zimelala shingoni. Polisi walielekeza watu kwa vipaza sauti, maji yanawatiririka kwenye kofia. Nilisubiri kusikia mtu akitukana, akidai, akilaumu serikali. Waliokuwa karibu nami walikunja maturubai yao, wakaokota na takataka zao. Hindi langu nililila njiani, chini ya kanga, limelowa. Lilikuwa tamu.

Nyumbani Bibi alitugawia mataulo, akaniwekea ndoo ya maji moto, akafungua televisheni. Matangazo ya moja kwa moja yalikuwa yanaendelea bila fataki. Watangazaji wamelowa chapachapa, mmoja anazungumza huku anafuta maji machoni. Bibi alicheka mpaka akakohoa.

Akakata tikiti maji, na huku anakata akaanza kuhesabu. Inasimuliwa kwamba fataki hizi zilianza mwaka 1733, baada ya njaa na maradhi, kuwaombea waliokufa. Vita vilizisimamisha. Yeye alikuwa amehamishiwa kijijini na wanafunzi wenzake, na baada ya mabomu ya Machi 10, 1945, aliporudi hakuutambua mtaa. Kutoka 1962 zikasimama tena, safari hii kwa msongamano wa magari na kwa uvundo wa mto. "Ulikuwa huwezi kufungua dirisha," alisema, akaziba pua, kisu bado mkononi. Mjomba akasema yote hayo ni sawa, lakini yeye alikuwa na makopo sita ya bia na ameona nusu saa tu, na hatakubali.

Hakukubali kweli. Jumamosi iliyofuata alitupeleka Edogawa, mashariki kabisa mwa jiji, ambako hufungua kwa fataki elfu moja ndani ya sekunde tano. Safari hii nilifuturu nikasali na muda ukabaki. Mbingu ilikuwa kavu. Sekunde tano zile zilinipiga kifuani kabla hazijafika machoni, na tulizitazama nyingine zote mpaka ya mwisho. Bibi alikataa kuja. Alisema zile ni za wilaya ya watu.

Nilimpigia simu kesho yake nikamsimulia jinsi zilivyokuwa nzuri, moja baada ya nyingine. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akaniuliza kama mvua ilinyesha. Nikamwambia haikunyesha hata kidogo.

"Pole sana," akasema.