Namba ya fundi

Jirani zangu wa Langoni, hapa Lamu, poleni kwa kelele za alamu yetu usiku wa Jumanne kuamkia Jumatano. Niliomba radhi mlango kwa mlango, lakini kila mtu aliniuliza swali moja, mbona alamu ililia na mwizi hayuko, na sikuwa na jibu wakati ule. Sasa ninalo. Ni refu kidogo, ndiyo maana naliandika.

Stima zilipotea saa nane na kitu. Feni ilisimama, na hapa kwetu feni ikisimama mwili huamka kabla ya macho. Nilikuwa bado nageuza mto kutafuta ubavu wa baridi, king'ora kikaanza. Si kile kidogo cha ndani. Ni kile cha nje, kilichofungwa juu ya kichochoro, pale ambapo watu wawili wakipishana mmoja lazima ageuke ubavu. Sauti pale haina pa kutokea. Inapiga ukuta wetu, inarudi ukuta wa pili, kisha inaingia kila dirisha. Punda wa ami wa nyumba ya tatu, aliyekuwa amelala zake mbele ya daka letu, alikurupuka akashika njia ya pwani. Amepatikana asubuhi, mzima, alhamdulillahi.

Nikashuka na tochi ya simu hadi kwenye kile kibao cha namba karibu na mlango. Nikabonyeza namba yangu ya siri, tarakimu nne ninazozijua kuliko siku yangu ya kuzaliwa. Kimya. Nikabonyeza tena polepole. Kibao hakikuwa na taa, hakikutoa hata ule mlio wake wa kukiri. Kilikuwa kimekufa, na juu ya kichwa changu kitu chake kinapiga kelele kama kimeunguzwa.

Nje watu wameshatoka. Vijana wawili walikuwa juu ya dari wakimulika dari za wenzao. Bibi wa mkabala akafungua dirisha: "Mwivi yuwapi?"

"Hakuna mwizi, bibi. Ni alamu tu."

"Alamu ya nini, na mwivi hayuko?"

Mama naye yuko mgongoni mwangu na kanga kichwani. "Zima kitu chako."

"Kimezimika, mama. Tazama, hata taa hakina."

"Kama kimezimika, kinalia na nini?"

Nilimjibu vibaya wakati ule, Mungu anisamehe, kwa sababu niliona ni swali la kunizidishia joto. Kumbe ndilo lilikuwa swali lenyewe. Kilinyamaza chenyewe baada ya kama robo saa. Stima zikarudi karibu na alfajiri.

Nirudi nyuma kidogo. Alamu hii ni ya kaka yangu aliye Dubai. Tuliibiwa simu tatu na redio mwaka mmoja, mtu alishukia darini, na kaka akaona mama hawezi kukaa hivi hivi. Kwanza alituma ile isiyo na waya, yenye sensa, yaani vifaa vya kuhisi mtu, zinazotumia betri ndogo na kuzungumza hewani na boksi kuu la alamu. Alisahau nyumba aliyozaliwa. Kuta zetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake dhiraa nzima mahali pengine. Sensa ya chumba cha ndani haikusikika hata ukumbini. Ikarudishwa. Ndipo akaletwa fundi kutoka Mombasa, akapitisha waya pembeni mwa boriti, akafunga sumaku kwenye mlango wa mbele na wa dari, macho mawili ya kuona mtu akipita, king'ora cha ndani na cha nje, na boksi lenyewe chini ya ngazi. Kazi nzuri, siwezi kumsema kwa hilo. Miaka mitano sasa.

Kumbe stima ziliporudi kibao kiliwaka, lakini kilikuwa na taa nyekundu na neno la kusema mfumo umechezewa. Nikibonyeza namba yangu kinakubali kunyamaza, ila hakikubali kuwashwa tena. Kinataka namba ya fundi. Namba hiyo si yangu wala ya mama. Ni ya aliyefunga.

Nikampigia. Tukaulizana hali vizuri sana, za Lamu, za mama, za mvua. Kisha: "Hiyo lazima nije mwenyewe, dada." Nauli ya basi hadi Mokowe, boti ya kuvukia huku kwetu, kulala usiku mmoja, kula, na ada ya kubonyeza namba. Nilimwomba anitajie kwenye simu, nibonyeze mbele yake kwa video kama hapendi niiandike. "Hiyo ni siri ya kazi."

Nilikaa na simu mkononi nikifikiri. Nyumba ya marehemu baba. Waya ziko ndani ya ukuta wetu, risiti ninayo kwenye kasha. Namba nne za kuufungua mfumo ni siri ya mtu anayekaa mbali na mlango huu siku nzima ya safari. Angekuwa seremala akafunga komeo mlangoni kwetu kisha akaondoka na ufunguo, mtaa mzima ungemfuata jetini.

Basi nikaamua nitafungua boksi mwenyewe.

Ndani si kitu cha kutisha kama nilivyodhani. Upande mmoja umeme wa nyumba unaingia kwenye transfoma, na huo wa volti 240 sikuugusa kabisa. Upande wa pili kuna bodi ya kijani, na chini kuna betri nyeusi, ndogo kuliko tofali, volti 12. Aina ya bodi imeandikwa pembeni kwa herufi za sisimizi. Niliipiga picha nikaikuza, nikatafuta kitabu chake kwenye intaneti, na nusu saa baadaye ninacho kurasa zaidi ya hamsini. Nikasoma usiku ule kama ninayejiandaa na mtihani.

Asubuhi nikaazima mita kwa kijana anayefunga sola. Nikapima betri: 13.6. Nikafurahi, nikamwambia betri ni nzima kabisa, ina zaidi ya kumi na mbili. Akacheka.

"Hapo unapima chaja, si betri. Ichomoe kwanza."

Nikaichomoa. Ikashuka ikasimama kwenye 12 na kidogo. Bado nikaona si mbaya. Akatoa balbu ndogo ya pikipiki mfukoni, akaigusisha na ncha mbili za betri. Balbu ikawaka njano kama jicho la mgonjwa, na namba kwenye mita zikaanza kuanguka tukizitazama: tisa, saba, tano. Balbu ikazimika. Betri hizi hudumu miaka mitatu hadi mitano, na yetu imekaa chini ya ngazi katika joto la Lamu, ncha zake zimeota unga wa kijani kwa hewa ya chumvi. Ilikuwa maiti inayovalishwa nguo kila siku na chaja. Stima zikiwapo, kila kitu kinaonekana sawa.

Hapo ndipo nikapata jibu la mama. King'ora cha nje kina kibetri chake tumboni. Kimetengenezwa makusudi hivyo: maadamu kinapata umeme kutoka kwenye boksi, kinakaa kimya. Umeme huo ukikatika kinaamini mwizi amekata waya, kinalia kwa nguvu zake chenyewe. Sasa usiku ule stima zikaenda, betri kubwa haina kitu, boksi likafa, kibao kikafa, na kule nje king'ora kikaona kimetengwa na wenzake. Kikafanya kazi yake barabara. Mimi niliyekuwa nabonyeza namba chini nilikuwa nabisha hodi kwenye nyumba isiyo na watu.

Betri mpya ilinigharimu elfu mbili na mia tano kwenye duka la vifaa vya sola. Kubadilisha ni waya mbili, nyekundu na nyeusi. Lakini ile namba ya fundi bado ilibaki, na kitabu kilisema njia yake: zima umeme, chomoa betri, unganisha vijiti viwili vidogo kwenye kona ya bodi, washa tena huku vimeunganishwa, na namba zote zinarudi zile za kiwandani. Bodi nyingine fundi huzifunga hata njia hii isifanye kazi. Kama yako ni hivyo, utarudi kwake na heshima zako.

Umeona mtego ulipo? Ili niweke namba mpya lazima nizime kila kitu. Nikizima kila kitu, cha nje kinalia.

Nikachagua Jumamosi, baina ya adhuhuri na alasiri, watu wameshatoka msikitini na hawajalala sana. Nikapita tena mlango kwa mlango: leo kitalia, kidogo tu, mchana, hakuna mwizi. Ami akamhamisha punda wake kabla sijamaliza sentensi. Tukaegemeza ngazi, na hapo kichochoro kikawa kimefungwa, mwenye kupita azunguke.

Skrubu za kifuniko zilikuwa zimeliwa na kutu hadi vichwa vimelainika. Moja ilikataa kabisa, ikabidi niiminye na koleo. Kifuniko kilipofunguka tu kikalia, kwa maana kuna swichi ya springi inayojua kimefunguliwa, na nilikuwa nimeiweka sura yangu shubiri moja mbele yake. Nilichokiona ndani kwa zile sekunde nne au tano kabla sijachomoa kibetri: utando wa buibui, maganda mawili meupe ya mayai ya mjusi, na mjusi mwenyewe, amekauka, amelala juu ya waya. Halafu kimya, na masikio yangu yakiimba. Vijana waliokuwa wameshika ngazi wakapiga makofi.

Kwenye boksi, chini ya ngazi ya ndani, kazi ilikuwa ya dakika mbili. Nilivigusisha vile vijiti na ncha ya bisibisi, mama akawasha swichi kuu nilipomwambia, nikahesabu hadi kumi, nikaachia. Kibao kikalia mara moja. Nikabonyeza namba ya kiwandani iliyo kitabuni. Ikafunguka. Ikafunguka! Nilipiga kigelegele peke yangu mle chini ya ngazi.

Kwanza nikabadilisha ya fundi, kwa maana ile ya kiwandani kila aliye na kitabu anaijua. Kisha yetu. Mama alitaka ibaki ileile ya zamani, ameizoea. Nikamwita atazame kibao kwenye mwanga wa dirisha: vitufe vinne vimefutika hadi havisomeki, vingine sita bado vyeupe pe. Mtu asiyejua chochote ana namba elfu kumi za kujaribu. Anayeviona vitufe hivyo ana namba ishirini na nne. Mama alitazama muda, akasema basi weka hizo ambazo hatujazichosha.

Mwisho tukajaribu sensa. Hizi hazioni mtu, zinaona joto linalotembea. Mama akapita ukumbini mara tatu, taa ndogo ikimjibu kila mara, akapenda mchezo. Ile ya kiwandani, nasema uwanja wetu wa wazi katikati ya nyumba na si kiwanda kilichotengeneza boksi, niliigeuza itazame mlango, maana awali ilikuwa inatazama pale jua linapopiga ukuta na mijusi wanapokuja kuota. Nikaandika tarehe kwenye betri kwa kalamu ya wino mzito. Namba ya fundi nimeiandika kwenye karatasi, iko ndani ya kasha pamoja na hati ya nyumba. Kaka anayo nyingine Dubai. Aliponiuliza nimemlipa nani, nilimtumia picha ya mjusi.

Juzi stima zimepotea tena, saa tisa usiku. Feni ikasimama. Nikalala macho yamefunguka nikisubiri, dakika moja, mbili. Nje punda akakohoa, basi. Nikashuka, kibao kinawaka kijani gizani.

Nikasikia kanga ikiburuza kwenye ngazi.

"Yeo mbona haikulia?" mama akauliza, na kabla sijamjibu akanipita, akaenda kulisukuma komeo kuona kama limeingia sawasawa.