Saa tatu usiku ya nani?

Jumapili moja ya mwisho wa Oktoba, saa tatu kamili usiku, watazamaji wa kituo chetu Dar es Salaam waliona mistari ya rangi. Ilikaa dakika nne. Fundi wa zamu alinipigia simu nyumbani: "Dada, hakuna kitu kinachoingia." Nikamwambia aweke marudio ya kipindi cha mapishi. Taarifa ya habari za dunia tuliyokuwa tukiipokea kwa satelaiti kutoka kwa washirika wetu wa Ulaya ilikuja saa nne, nzima bila kasoro, na sisi tulikuwa tumeshaingia kwenye tamthilia.

Ratiba ile niliiandika mimi. Ulaya walikuwa wamerudisha saa nyuma usiku wa kuamkia Jumapili ile, na kipindi chao walikipanga kwa saa za kwao. Wakiwa kwenye kiangazi kinatufikia saa tatu usiku, wakiwa kwenye baridi kinatufikia saa nne. Barua pepe ya kutukumbusha ilitumwa, ila kwa mtu aliyekuwa ameacha kazi miezi mingi nyuma.

Tangu siku ile nina karatasi ukutani yenye safu tatu. Ya kwanza ni GMT, saa ya Greenwich ambayo vituo vya dunia huitumia kupangia ratiba. Ya pili ni saa za Afrika Mashariki kwa tarakimu, kama mitambo inavyozisoma. Ya tatu ni saa za Kiswahili, kama mama yangu anavyozisoma. Kijana yeyote anayekuja kujifunza kazi namsimamisha hapo kwanza, kwa sababu kosa la pili nililowahi kuliona lilikuwa baya zaidi ya la kwanza: fomu iliandikwa 20:00 GMT, mtu akaona 20:00 akaandika "saa mbili usiku". Ni saa tano usiku. Unaongeza tatu ufike Dar, halafu unatoa sita ufike kwenye ulimi wa Mswahili. Hatua mbili, na mtu aliyechoka hufanya moja.

Nimefanya kazi ya kupanga vipindi kwa miaka mingi sasa, na sehemu ninayoipenda kuliko zote ni hizi habari za dunia. Wenzangu wengi huziona kama kitu cha kujazia nafasi. Zipo tayari, zinakuja bure au kwa bei ndogo, basi ziweke popote. Mimi nakataa. Taarifa ileile ikienda hewani saa moja jioni na ikienda saa tatu usiku ni taarifa mbili, kwa sababu aliyekaa mbele ya luninga si yuleyule.

Hapa Tanzania nyumba nyingi zimezoea taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Baba amesharudi, chakula kimeshaliwa au kiko mezani, na rimoti ina mwenyewe. Ndiyo maana habari za dunia nazitaka saa tatu: watu wamekaa tayari, wameshasikia ya kwao, wana nafasi ya kusikia ya wengine. Bosi mmoja aliwahi kutaka tuzihamishie saa moja jioni kwa sababu ameona Kenya taarifa ya Kiswahili inasomwa saa hiyo. Nilimwomba asimame siku moja Mbagala saa moja jioni ahesabu watu wanaoshuka kwenye daladala. Watazamaji wetu walikuwa barabarani. Waliokuwa nyumbani walikuwa jikoni, wanasikia sauti tu.

Kuna jambo jingine ambalo washirika wa nje hulisahau, nalo ni jua. London, Desemba, jua linazama kabla ya saa kumi jioni. Juni linazama baada ya saa tatu usiku. Ndiyo maana wao wanapeleka saa mbele na kuzirudisha nyuma. Sisi jua letu halisogei kiasi hicho. Linachomoza karibu na saa kumi na mbili, linazama karibu na saa kumi na mbili na nusu, mwaka mzima, na saa zetu tunazihesabu kutoka hapo. Hata siku ya matangazo kituoni kwetu inaanza saa kumi na mbili asubuhi. Kwa hiyo mtu wa huko akiniambia "kipindi kinahama kwa msimu", nasikia kitu ambacho sebule ya Tandika haina sababu ya kukijua. Saa tatu ya Tandika iko palepale. Kuilinda ni kazi yangu, hata ikibidi turekodi na kusubiri.

Msimu tulionao sisi ni Ramadhani, na huo hauko kwenye kalenda yao. Unarudi nyuma takriban siku kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo huwezi kunakili ratiba ya mwaka jana. Saa tatu usiku, niliyoitetea kwa miaka yote hiyo, sehemu kubwa ya Kariakoo na Temeke wako tarawehe. Wengi wanafika nyumbani kuelekea saa tatu na nusu. Nikasogeza habari za dunia hadi saa nne. Mwaka 2023 mfungo ulikuwa na siku chache tu Ulaya walipopeleka saa mbele, 26 Machi. Yaani kipindi kilichokuwa kikitufikia saa nne, pale nilipokihitaji, kikaruka kuja saa tatu, pale ambapo sikihitaji. Tulikirekodi kila usiku na kukirusha saa nne, huku kijana mmoja akikaa macho kuangalia kama kuna jambo limebadilika ndani ya ile saa moja, ili aliandike kwenye mkanda wa maneno chini ya skrini.

Kisha kuna daku. Watu wanaamka, luninga zinawashwa, na vituo vingi vinarudia mawaidha au filamu. Nilitaka wapate habari mbichi. Saa kumi alfajiri ni 01:00 GMT, na kituo kikubwa cha kimataifa tulichokuwa na makubaliano nacho kina taarifa mubashara saa hiyo. Usiku wa kwanza niliamka nikaitazama nikiwa na sahani yangu ya ndizi. Dakika za mwanzo zilikuwa nzuri. Halafu wakaingia kwenye bei za hisa za Tokyo na Hong Kong, na wakakaa huko. Kumbe! Saa kumi alfajiri ya Dar ni saa tatu asubuhi Singapore. Taarifa ile ilipikwa kwa ajili ya mtu anayeanza kazi ofisini Asia, na mimi nilikuwa namwekea mama wa Temeke ambaye alitaka kujua Sudan na Palestina kumeamkaje.

Sikuiondoa. Tulichukua dakika kumi za mwanzo, kisha msomaji wetu akaeleza kwa Kiswahili habari kubwa tano, basi. Ujumbe wa simu tulioupata kwenye daku wa mwezi ule sijawahi kuupata kwa kipindi kingine chochote cha habari za nje.

Vituo vikubwa vinalijua tatizo hili. Al Jazeera ya Kiingereza ilipoanza, 15 Novemba 2006, ilikuwa na vituo vinne vya matangazo: Doha, Kuala Lumpur, London na Washington, ili zamu ihame na mchana. Nililipenda wazo lile nilipolisoma, na bado nalipenda. Lakini ukiitazama ramani hiyo, hakuna zamu iliyowekwa Afrika. Tunaangukia kwenye zamu ya mtu mwingine, na kazi ya kutukumbuka inabaki kwetu.

Nasema "kwetu" nikijua kwamba nami nasahau wengine. Mjomba wangu yuko Muscat, Oman, anatutazama kwa simu. Saa yake iko mbele yetu kwa saa moja, na wikendi yake ni Ijumaa na Jumamosi, kwa hiyo Jumamosi usiku, wakati sisi tumejiachia, yeye anajiandaa kwa kazi ya kesho. Taarifa ya saa tatu anaipata saa nne na analala katikati. Rafiki yangu wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, yuko nyuma yetu kwa saa moja, na taarifa hiyohiyo inamkuta saa mbili akiwa hajala. Wote wawili wanatazama kwa Kiswahili, na wote wawili wamewahi kuniuliza kwa nini tunatangaza "saa tatu usiku" bila kusema ya wapi.

Kwa hiyo mwezi huu nimeongeza safu ya nne na ya tano kwenye ile karatasi, Muscat na Bukavu, kwa kalamu nyekundu. Nimeomba matangazo yetu ya vipindi yataje "saa za Afrika Mashariki", na marudio ya saa nne na nusu usiku tuyahamishie saa moja asubuhi, ambayo Muscat ni saa mbili na Bukavu ni saa kumi na mbili. Ombi bado liko mezani kwa mkuu wa vipindi. Alhamisi nitamfuata tena.