Tangawizi ni shina lililo hai, jikoni na shambani

Maziwa ya chai yakikatika, wa kwanza kulaumiwa ni muuza maziwa, na mara nyingi anaonewa. Maziwa yaliyokamuliwa asubuhi hiyohiyo nayo hukatika yakitiwa tangawizi mbichi yakiwa bado na uvuguvugu. Ndani ya tangawizi mna kimeng'enya kiitwacho zinjibaini, na kazi yake ni kukatakata protini. Joto likikaribia nyuzi 60 ndipo kinapochapa kazi kwelikweli. Kusini mwa China, jimbo la Guangdong, watu wanakitumia makusudi: maziwa ya moto yenye sukari humiminwa juu ya maji ya tangawizi, yakaachwa yatulie dakika chache, yakaganda laini na kuliwa kwa kijiko. Kwenye birika la chai sisi hatutaki hivyo.

Dawa yake ni mpangilio tu. Kwa vikombe vinne vya chai ya maziwa, weka maji vikombe viwili na tangawizi mbichi gramu 20 hivi, yaani kipande cha ukubwa wa dole gumba. Iponde kwenye kinu, maana ukiikata vipande vipande tu utatumia nyingi na ladha itabaki ndani. Acha maji yatokote na tangawizi yake dakika tano hadi saba. Moto wa kutokota unakiua kile kimeng'enya. Kisha tia majani, halafu maziwa vikombe viwili, yapande mara moja, epua. Ukiandaa hivi maziwa hayakatiki, isipokuwa kama kweli yalianza kuchacha, na hapo muuza maziwa atakuwa na la kujibu.

Kimeng'enya hichohicho ndicho kinacholainisha nyama. Kwa kilo moja ya nyama ya mishkaki, vijiko viwili vya chakula vya maji ya tangawizi iliyopondwa na kukamuliwa vinatosha, pamoja na chumvi na ndimu. Saa moja hadi mbili, basi. Wengi hulaza nyama usiku kucha wakidhani ndivyo itakavyokolea zaidi, na asubuhi wanakuta nje imekuwa kama uji na inakatikia kwenye kijiti. Ni yaleyale yanayotokea papai bichi likizidishwa. Tangawizi ya kupikwa kwenye mchuzi haina hatari hiyo, kwa sababu inaingia kwenye mafuta ya moto.

Kwenye pilau, mahali pa tangawizi ni baada ya kitunguu maji kubadilika rangi. Ukiiweka mapema, inashika chini na kuungua kabla kitunguu hakijaiva, na tangawizi iliyoungua ni chungu, uchungu usiofichika kwa kitu chochote. Kwa kilo ya mchele, kijiko kimoja cha chakula kilichojaa cha tangawizi iliyopondwa na kimoja cha thomu ni kipimo cha kuanzia. Ikaange dakika moja au mbili hadi harufu mbichi iondoke, ndipo utie nyama. Ukiwa na ya unga tu, robo kijiko cha chai inashika nafasi ya kijiko kimoja cha chakula cha mbichi, ingawa ladha haiwi ileile. Mbichi ina jinjeroli, ndiyo inayowasha kwa ubichi wake. Ikikauka, sehemu ya jinjeroli hugeuka shogaoli, jina lililotokana na neno la Kijapani la tangawizi, nayo huwasha zaidi. Ikipikwa muda mrefu hupatikana zinjeroni, iliyo pole na yenye utamu kidogo. Ndiyo maana tangawizi ya unga huchoma koo kwenye chai, na ile iliyochemka saa nzima kwenye supu huwa mpole.

Sokoni, chagua iliyo nzito mkononi, ngumu, yenye ngozi iliyobana. Vunja kidole kimoja: kikivunjika kwa mlio na kutoa unyevu, ni nzuri. Kikipinda, imeshanyauka. Ikiwa na nyuzinyuzi nyingi maana yake imekomaa sana, ni kali na inafaa kusaga au kuchemsha. Pengine utaikata ukute duara la rangi ya bluu ndani. Baadhi ya aina ndivyo zilivyo, kwa hiyo kama ni ngumu na inanukia, pika. Yenye ukungu au iliyolainika itupe yote, usikate upande mbovu ukala mwingine. Ngozi iparuze kwa ukingo wa kijiko badala ya kisu, kwa kuwa mafuta yenye harufu yamejaa karibu kabisa na ngozi, na kisu kinayatupa pamoja na maganda.

Kuhusu afya, tangawizi imebebeshwa mengi isiyoyaweza. Haitibu malaria, haitibu saratani, na haichukui nafasi ya dawa ya presha. Inachokiweza vizuri ni kichefuchefu. Utafiti mwingi uliofanywa kwa wajawazito wenye kichefuchefu cha asubuhi umetumia takriban gramu 1 ya tangawizi kavu kwa siku, iliyogawanywa mara tatu au nne, na wengi walipata nafuu. Gramu 1 ni kama nusu kijiko cha chai cha unga. Kwa maumivu ya hedhi pia kuna ushahidi mzuri kiasi, ikitumiwa siku tatu za mwanzo. Maumivu ya magoti ya uzee hupungua kidogo tu, si kwa kila mtu.

Ikizidi gramu 4 au 5 za kavu kwa siku, wengi hupata kiungulia. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarin, asianze kunywa tangawizi nyingi kila siku bila kumwambia daktari, na anayesubiri upasuaji vivyo hivyo. Mjamzito aulize kliniki kwanza. Mjamzito anayetapika hata maji aende hospitali siku hiyohiyo, asikae nyumbani akichemsha tangawizi.

Tuje shambani, maana huko ndiko pesa zinakopotelea. Watu wengi huita tangawizi mzizi. Ni shina linalotambaa chini ya udongo, lenye pingili na macho, na kila jicho ni chipukizi linalosubiri. Kwa kuwa tunapanda kipande cha shina na si punje, ugonjwa wowote uliokuwa kwenye mmea mama unahamia nao shamba jipya. Wakulima wa Mamba Miamba kule Same, wa Buhigwe mkoani Kigoma na wa Madaba kule Songea wanaweza kuwa na udongo tofauti na mvua tofauti, lakini mbegu mbovu inawatia hasara kwa njia ileile.

Mbegu nzuri inatoka kwenye shamba ulilolitembelea likiwa bado na majani, si kwenye rundo la sokoni ambalo hujui limetoka wapi. Iwe imekomaa kabisa, miezi tisa au kumi. Kata vipande vya gramu 30 hadi 60, kila kimoja kiwe na macho mawili au matatu. Kisu kichovye kwenye maji yenye jiki kila unapomaliza tunguu moja, yaani shina zima lililochimbuliwa, na ukikuta tunguu lenye doa la kahawia au la kimaji ndani, litoe lote. Paka majivu makavu kwenye majeraha, tandaza kivulini siku mbili au tatu hadi yapate ngozi. Kipande kinachozikwa na jeraha bichi ni mlango wa kuozea. Kwa ekari moja utahitaji kilo 600 hadi 800, na hiyo ndiyo gharama kubwa kuliko zote. Usibanie hapo.

Udongo uwe tifutifu, wenye mboji, usiotuamisha maji. Kama hujui, chimba shimo la futi moja, lijaze maji: yakiwa bado yamesimama baada ya saa kadhaa, hapo tangawizi itaoza. Inua matuta ya sentimita 30, changanya samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi inaunguza machipukizi. Panda mvua zinapoanza, kina cha sentimita 5, jicho likitazama juu, sentimita 20 hadi 25 kati ya mche na mche. Funika kwa majani makavu. Machipukizi huchukua wiki tatu hadi sita kutokeza, na hapa ndipo wengi huharibu: wanafukua kutazama, au wanamwagilia kila siku kitu ambacho bado hakina majani ya kuyanywa maji hayo.

Mmea hupenda kivuli chepesi, kama cha migomba iliyopandwa mbalimbali. Miezi miwili baada ya kuchipua, na tena ikifika miezi minne, pandishia udongo kwenye mashina na uongeze matandazo. Shina likichungulia nje ya udongo na kupigwa jua hugeuka kijani na kuacha kunenepa. Asiye na shamba atumie ndoo ya lita 20 iliyotobolewa chini, udongo sehemu mbili, samadi iliyooza sehemu moja, mchanga sehemu moja, vipande viwili basi.

Magonjwa mawili yanafanana kwa mbali, na kuyachanganya kunagharimu. La kwanza ni kuoza kwa ukungu: majani yanaanza njano kwenye ncha, yanashuka, na shina linakuwa laini na la kimaji pale linapogusana na udongo, ukilivuta linang'oka bila kubisha. Hili huletwa na maji yaliyotuama. Fungua mifereji, ng'oa yaliyooza na udongo wake, na mara nyingi sehemu kubwa ya shamba hupona.

La pili ni mnyauko bakteria, nalo halina msamaha. Majani yanajikunja na kulegea yakiwa bado kijani, kama mmea wenye kiu ilhali udongo una unyevu. Chukua shina la mmea uliolegea, likate kipande cha urefu wa kidole, kishikilie kikining'inia ndani ya glasi ya maji safi, ncha iliyokatwa ikizama kidogo. Tulia, usitikise. Ndani ya dakika chache ukiona uzi mweupe kama wa maziwa unateremka polepole kutoka kwenye ncha, hao ni bakteria. Hakuna dawa ya kupulizia itakayoliokoa shamba hilo. Ng'oa mimea hiyo na ya jirani, ichome, osha jembe na viatu, na usiruhusu maji ya hapo yapite kwenye matuta mengine. Usirudishe tangawizi hapo kwa miaka mitatu hadi minne, na usipande nyanya, viazi mviringo, bilinganya wala pilipili, kwa sababu bakteria huyo anaishi humo pia. Panda mahindi.

Ya mbichi laini, ya achari, huvunwa miezi mitano au sita baada ya kupanda. Ya kukausha isubiri miezi minane hadi kumi, na ya mbegu tisa au kumi, majani yakishakuwa njano na kulala. Chimbua kwa jembe la uma ukianzia mbali na shina. Kwa kukausha, osha, paruza, kata vipande vya milimita 3 hadi 5, tandika juu ya kichanja chenye wavu, kamwe si chini barabarani. Imekauka pale kipande kinapovunjika kwa mlio badala ya kupinda. Kilo tano mbichi hutoa kama kilo moja kavu, hivyo kabla ya kukubali bei ya mnunuzi wa kavu, izidishe ile ya mbichi mara tano, kisha ongeza kazi yako.

Na kabla mnunuzi hajafika, tenga mbegu. Chagua matunguu kutoka kwenye mistari ambayo haikunyauka hata mche mmoja, yapange kwenye shimo la kivulini kwa tabaka za mchanga mkavu, acha nafasi ya hewa juu. Usiyatie kwenye mfuko wa nailoni. Yatatoa jasho na kuoza ndani ya wiki chache. Kila baada ya wiki mbili fungua, nusa, toa lililolainika.